Mtu Nyuma ya Vizimba

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

KITINDA: Dada, ni mimi. Shikamoo.

DADA: Nani? Sema kwa nguvu, kunakwaruza huko!

KITINDA: Mimi, Kitinda! Mdogo wako!

DADA: Ala! Marahaba. Kwani uko ndani ya pipa? Nimepokea bila kuangalia, pasi mkononi. Ngoja niiweke pembeni nisije nikaliunguza hili shati.

KITINDA: Shati la shemeji?

DADA: La nani tena? Lile jeupe. Nimelipiga pasi mara tatu na kola bado inakataa kulala. Kaidi kama mwenyewe.

KITINDA: Yuko wapi?

DADA: Bafuni. Anaoga tangu saa moja na nusu, nadhani anataka abaki mifupa. Umeshafika kiwandani?

KITINDA: Nimefika. Niko kwenye korido, nje ya chumba cha mkutano. Humu ni mabati matupu, mtandao unakuja na ku—

DADA: —na kuondoka, nasikia. Umekunywa chai?

KITINDA: Dada—

DADA: Usiende mbele ya wakubwa na tumbo tupu. Utaanza kutetemeka, watadhani wewe ndiye mwenye kesi.

KITINDA: Nimekunywa. Dada, huko bafuni anaweza kukusikia?

DADA: Na maji yanavyomwagika? Hata redio haisikii. Kwa nini?

(kimya)

DADA: Kitinda. Kwa nini?

KITINDA: Picha ina kosa.

DADA: Picha gani?

KITINDA: Ile ya ghala. Ya kwenye miwani.

DADA: Ah, umenishtua bure! Kosa gani, rangi? Si nilikwambia milango ya lile ghala ni ya kijani, wewe ukaipaka buluu? Mtoto hasikii—

KITINDA: Si rangi.

DADA: Basi nini? Usinizungushe, nina kazi. Leo si wanamalizia tu? Wanaandika kwamba marehemu alisimama mahali pasipoonekana, wanapiga mihuri yao, mume wangu anarudi kazini. Si ndivyo ulivyoniambia juzi?

KITINDA: Ndivyo nilivyokwambia.

DADA: Wiki tatu, Kitinda. Wiki tatu watu wanamwangalia Baba Pacha kama muuaji. Mtu wa mtaa mzima, leo akipita watu wanavuta watoto wao. Mpaka mlipoleta hiyo miwani yenu ya kompyuta. Kila mmoja akaivaa, akakaa kwenye kiti cha dereva cha hilo ligari lao la kunyanyua mizigo, akaona kwa macho yake kwamba mbele kuna vizimba vya waya tu. Meneja mwenyewe akasema, hata mimi ningemgonga. Alisema, hakusema?

KITINDA: Alisema.

DADA: Basi hayo mengine ya nini asubuhi hii?

KITINDA: Dada, kaa chini.

DADA: Sikai. Sema.

KITINDA: Kompyuta haichori kila kitu. Ingechora kila kitu ingezimia. Inachora kile unachokiona tu. Kilichojificha nyuma ya kitu kingine, inakiacha.

DADA: Kivipi?

KITINDA: Kabati lako la vyombo. Mlango ukiwa umefungwa, sufuria unaziona?

DADA: Sizioni, ila zipo. Hata iliyoungua unayoogopa kuisugua ipo.

KITINDA: Kwako zipo. Kwenye kompyuta hazipo. Inaona mlango umefungwa, inasema ya nini nijichoshe, inazifuta. Ukifungua tu, inazirudisha upesi upesi. Huwezi kujua kama ziliondoka.

DADA: Mh. Uvivu huo.

KITINDA: Uvivu wa maana. Bila huo, gemu zote zingekuwa zinatambaa.

DADA: Haya. Sasa mume wangu na sufuria zangu, wapi na wapi?

KITINDA: Siku ile foklifti yake ilikuwa imebeba vile vizimba vya waya. Viwili, kimoja juu ya kingine. Vitupu.

DADA: Najua. Ndiyo kesi yenyewe hiyo.

KITINDA: Ndiyo kesi yenyewe. Kwamba mtu akikaa pale, anaona kupitia zile waya au haoni. Wakatuita tupime. Sasa kizimba kimoja kina waya mia ngapi sijui. Sikuzichora waya moja moja, dada. Hakuna anayefanya hivyo, ofisini wangenicheka mpaka jioni. Unachukua ubao bapa, unabandika juu yake picha ya wavu, kwenye matundu ya hiyo picha unaacha wazi. Ukiutazama, ni wavu mtupu.

DADA: Na ulivipatia. Baba Pacha alisema ni vilevile, mpaka kutu.

KITINDA: Nilivipatia kwa macho. Ila ile sehemu inayoamua kipi kimefichwa haiangalii picha iliyobandikwa. Inaangalia ubao. Na ubao hauna matundu.

(kimya)

KITINDA: Dada?

DADA: Nakusikiliza.

KITINDA: Kwake ule ni mlango wa kabati, umefungwa. Ikamkuta marehemu, Filimbi, nyuma yake. Ikamfuta.

DADA: Ikamfuta vipi?

KITINDA: Mzima mzima. Waliovaa miwani walikuwa wanaona sakafu kupitia yale matundu, wanaona na ukuta wa nyuma, kwa sababu hivyo ni vikubwa, vimetokeza pembeni, havikufutwa. Aliyeondolewa ni Filimbi peke yake. Hakufichwa na waya, dada. Hakuchorwa kabisa.

DADA: Sijakuelewa.

KITINDA: Umenielewa.

DADA: Nimekwambia sijakuelewa! Mimi si mtu wa kompyuta. Na usinitajie yule mtu kwa jina lake la utani asubuhi asubuhi, ninasikia zile mbinja zake masikioni mpaka leo. Ulikuwa ukifika getini tu unamsikia, anapakia huku anapiga mbinja. Mungu amrehemu.

KITINDA: Mungu amrehemu.

DADA: Nani kakwambia kuna kosa? Bosi wako?

KITINDA: Mimi mwenyewe. Leo saa moja. Nilikuwa najaribu miwani kabla hawajaja. Nikakaa kwenye kiti, nikatazama mbele, sawa, hayupo, kama siku zote. Halafu nikaangalia chini, sakafuni. Nikaona kivuli.

DADA: Cha nini?

KITINDA: Cha mtu. Kimelala pale sakafuni, kina kichwa, kina mabega, na mwenyewe hayupo.

DADA: Kitinda, usinitishe.

KITINDA: Vivuli kompyuta inavihesabu kivyake. Ilimfuta mtu, ikasahau kivuli. Nimekaa nakitazama. Nikainamisha kichwa pembeni kidogo, hivi, akatokea. Ghafla, mzima. Nikarudisha kichwa, akapotea mzima. Mtu wa kweli hapotei hivyo, dada! Mtu anapotea mkono, halafu bega, halafu—

DADA: —Basi, basi.

KITINDA: Nikabadilisha kitu kimoja tu. Nikaiambia isivihesabu vile vizimba kama ukuta. Nikarudi kwenye kiti.

DADA: Na?

KITINDA: Anaonekana. Si vizuri sana. Zile waya zinamkatakata. Lakini ni mtu, unamwona. Unaiona ile kofia ya njano. Sekunde sita nzima, mpaka anafika.

DADA: Sita.

KITINDA: Nimehesabu mara nne.

DADA: Nani mwingine anajua?

KITINDA: Hakuna.

DADA: Bosi wako?

KITINDA: Yuko njiani.

DADA: Basi irudishe ilivyokuwa.

KITINDA: Dada.

DADA: Irudishe. Si umesema umebadilisha kitu kimoja? Kirudishe hicho kimoja. Hakuna aliyekuuliza. Wameshaivaa wote, wameridhika wote. Wewe nani umfukue mtu ambaye—

KITINDA: Mke wake yuko hapa.

DADA: Nani?

KITINDA: Mke wa Filimbi. Amekaa kwenye benchi, hapa kwenye korido, hatua kumi kutoka nilipo. Amefika kabla ya mlinzi kufungua. Ameniona na lile begi la vifaa, akaniuliza, wewe ndiye wa ile miwani? Nikasema ndiye. Akaniuliza kama na yeye ataruhusiwa kuivaa.

DADA: Ya nini sasa, jamani?

KITINDA: Anataka kuona mumewe alisimama wapi. Amesema watu wanamwambia mumewe alikuwa amelewa, maana nani mwenye akili timamu angesimama pale. Filimbi, ambaye hata soda haimalizi! Watoto wanaambiwa hivyo shuleni. Leo wakipiga hiyo mihuri, inaandikwa: uzembe wake mwenyewe. Hiyo ndiyo karatasi atakayopewa arudi nayo nyumbani.

DADA: Usinifanyie hivyo.

KITINDA: Nimemwambia, ndiyo mama, utaivaa. Nitamvisha nini, dada? Atazame kulia, atazame kushoto, akute kivuli cha mumewe?

DADA: Nimesema usinifanyie hivyo! Unadhani mimi sina moyo? Nilikwenda msibani pale, nilipika, niliosha masufuria, yule mwanamke alinishika mkono huu. Hakujua mimi mke wa nani mpaka siku ya pili.

(mtandao unakwaruza)

KITINDA: ...nasema hata mimi nime...

DADA: Sikusikii!

KITINDA: Nasema hata mimi nimeumia. Sasa?

DADA: Sasa nakusikia.

KITINDA: Sikupigia nikuumize.

DADA: Umenipigia kunipa nini, zawadi? Sikiliza, Kitinda. Baba Pacha si muuaji.

KITINDA: Sijasema ni muuaji.

DADA: Miaka kumi na tisa anaendesha ligari lile, hajawahi kukwaruza hata ukuta. Hizo sekunde zako, unazihesabu wewe umekaa, umevaa miwani, unajua kuna mtu unamtafuta. Yeye alikuwa kazini. Mtu anaweza kutazama na asione. Hata mimi hutafuta chumvi na iko mbele ya pua.

KITINDA: Hilo ni kweli. Akaliseme kikaoni.

DADA: Halafu na yule marehemu naye, Mungu anisamehe, lakini kweli mtu mzima unainama kufunga kamba za viatu katikati ya njia ya magari? Nani angetegemea?

(kimya)

DADA: Haloo?

(kimya)

DADA: Kitinda? Umekatika?

KITINDA: Nipo.

DADA: Mbona umenyamaza?

KITINDA: Nani kakwambia alikuwa anafunga viatu?

DADA: Si watu.

KITINDA: Watu gani?

DADA: Watu, wa kiwandani. Msibani walikuwa wanasema.

KITINDA: Dada, nina maelezo ya mashahidi wote. Kurasa kumi na nne, nimezisoma mpaka naziota. Kila mmoja alifika baada ya kusikia kishindo. Hakuna aliyejua alikuwaje kabla. Ndiyo maana kwenye picha nilimweka amesimama, kwa sababu hakuna aliyejua. Shemeji mwenyewe ameandika, kwa mwandiko wake: sikumwona mtu yeyote.

DADA: Labda alifikiria tu baadaye.

KITINDA: Alifikiria kamba za viatu?

DADA: Usinihoji! Mimi ni dada yako, si shahidi wako!

KITINDA: Sikuhoji. Nakuuliza.

DADA: Subiri.

KITINDA: Dada, usikate.

DADA: Sikati. Nafunga mlango.

(mlango unafungwa)

DADA: Upo?

KITINDA: Nipo.

DADA: Bado anaoga.

KITINDA: Haya.

DADA: Aliniambia.

KITINDA: Lini?

DADA: Usiniulize lini.

KITINDA: Baada ya ajali? Usiku ule? Alikwambia alimwona?

DADA: Si baada.

KITINDA: Sasa kama si baada, ni—

DADA: Palepale, Kitinda. Palepale. Nilimpigia simu mimi.

KITINDA: Alikuwa anaendesha?

DADA: Alikuwa anaendesha, simu ameibana hapa, sikioni na begani. Anafanya hivyo kila siku, nimemgombeza mara ngapi, halafu mimi ndiye ninayempigia. Nilikuwa natafuta ufunguo wa stoo. Kitu cha kijinga hivyo. Akasema umetundikwa nyuma ya kalenda. Nikamwambia kalenda ipi, nyumba hii ina kalenda tatu, moja ya mwaka juzi. Akacheka. Tulikuwa tunacheka, Kitinda.

KITINDA: Endelea.

DADA: Akasema, mwone huyu Filimbi, anafunga viatu njiani kama yuko sebuleni kwake. Akapiga honi. Niliisikia honi. Akasema, ya jikoni, kalenda ya jikoni. Halafu...

KITINDA: Halafu?

DADA: Halafu nikasikia. Sitakusimulia nilichosikia.

KITINDA: Usinisimulie.

DADA: Alidhani ametoka. Alipiga honi, akadhani amesikia ametoka njiani. Pale kila mtu anapiga honi kutwa nzima, nani anashtuka? Hakukusudia. Naapa mbele ya Mungu hakukusudia.

KITINDA: Najua hakukusudia. Shemeji hawezi kuua hata panya, mimi ndiye niliyekuwa natega mitego.

DADA: Basi si umejua? Imetosha.

KITINDA: Hakuna aliyeuliza habari za simu?

DADA: Walikuwa waanze kuuliza. Juma lile walisema watachukua simu za wote waliokuwa zamu. Nililala na homa. Halafu picha yako ikatoka, ikasema haonekani, basi, kila mdomo ukafungwa. Kwa nini waulize mtu alikuwa anafanya nini, na mbele yake hakuna kitu cha kuona? Nilipiga magoti jikoni nikashukuru. Nikasema Mungu amenifunika. Kumbe ni ubao wako.

KITINDA: Ndiyo maana ulinikazania nisimwambie bosi kuwa ni shemeji yangu.

DADA: Ungepewa hiyo kazi?

KITINDA: Nisingepewa.

DADA: Basi.

KITINDA: Ungeniambia, dada. Ungeniambia tu.

DADA: Ningekwambia nini? Kwamba nimeua mtu kwa sababu ya ufunguo wa stoo? Na stoo yenyewe nilikuwa nataka ndoo!

KITINDA: Hukuua mtu.

DADA: Wewe hukusikia.

KITINDA: Unalia?

DADA: Silii. Mvuke wa pasi.

KITINDA: Pasi si umeiweka pembeni?

DADA: Kitinda, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Mama alipokufa ulikuwa unanyonya bado, nilikubeba mgongoni nikaenda nawe darasani, mwalimu akanifukuza, nikakaa dirishani nikasikilizia nje. Nimewahi kukukumbusha?

KITINDA: Hujawahi.

DADA: Nilipoolewa nilikuja nawe. Wanaume wangapi wangekubali? Baba Pacha alikupa chumba cha mbele, watoto wake wa kuwazaa wakalala sebuleni. Ile kompyuta yako ya kwanza, ya mtumba, alikuletea kwa miguu mvua inanyesha, amevua koti lake akaifunika, yeye akalowa mpaka akaugua kifua wiki mbili. Ndiyo hiyo iliyokufundisha kuchora mbao!

KITINDA: Najua.

DADA: Leo unamtoa kafara kwa mikono yako. Watamnyang'anya leseni. Watamfunga.

KITINDA: Labda hawatamfunga.

DADA: Labda! Wewe unanipa labda!

KITINDA: Dada, ningeweza kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kikao. Yuko ndani hapa, namsikia anakohoa. Nimekupigia wewe kwanza.

DADA: Ili iweje? Unataka nini kwangu, ruhusa?

KITINDA: Ndiyo.

DADA: Sikupi.

KITINDA: Sawa.

DADA: Sawa nini?

KITINDA: Nimekusikia. Hunipi.

DADA: Kwa hiyo utairudisha.

KITINDA: Siwezi, dada.

DADA: Huwezi au hutaki?

KITINDA: Nimejaribu. Kabla sijakupigia nilishairudisha mara moja, nikavaa miwani, nikatazama pale. Nikaona nikimvisha yule mama kitu hiki, sitaweza kuvaa hii miwani tena maisha yangu, na ndiyo kazi pekee ninayoijua.

DADA: Wataanza kuuliza. Ukishawaonyesha anaonekana, watauliza, sasa dereva alikuwa anaangalia nini? Watauliza mpaka kampuni ya simu. Watalikuta jina langu.

KITINDA: Mimi ya picha nitaisema, kwa sababu ni kosa langu. Nitasema na kwamba yeye ni shemeji yangu, na kazi wanifukuze wakitaka. Ya simu sitaisema. Hiyo ni yako na shemeji.

DADA: Utafungua mlango halafu uniambie hukuingia.

KITINDA: Dada, kuna njia moja.

DADA: Niambie.

KITINDA: Aseme yeye. Mkutano ni saa nne, sasa hivi ni saa mbili na nusu. Aje mapema, aombe kuongea kabla sijawasha kitu chochote. Aseme alimwona, alipiga honi, alidhani ametoka. Akisema mwenyewe watamwangalia kwa jicho lingine. Nikisema mimi, atakuwa mwongo aliyekamatwa.

DADA: Unamjua Baba Pacha. Wiki tatu hajalitaja jina la yule mtu ndani ya nyumba hii. Hata mimi na yeye hatujaisema ile simu. Alirudi siku ile, akaichukua simu yake akafuta, akaichukua ya kwangu akafuta, akanirudishia, akauliza watoto wamekula? Hatujaisema mpaka leo.

KITINDA: Isemeni leo.

DADA: Kwa dakika hizi?

KITINDA: Mpe simu basi, nimwambie mimi.

DADA: Hapana.

KITINDA: Mpe simu, dada. Nitaongea naye taratibu. Simlaumu.

DADA: Atakufa, Kitinda. Hiki kilichobaki ndicho kinachomshikilia, hiyo picha. Kila akikutana na mtu anasema, hata kompyuta imesema. Usiku anajisemea mwenyewe, hata kompyuta imesema. Nadhani ameshaanza kuamini kweli.

KITINDA: Na wewe?

DADA: Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Nitaamini nini?

(mtandao unakwaruza)

KITINDA: ...ametoka... mwenyekiti, ananiita...

DADA: Nini?

KITINDA: Mwenyekiti ametoka, ananiita nikafunge nyaya za televisheni. Dada, niambie kitu. Chochote. Atakuja mapema au haji?

DADA: Subiri.

KITINDA: Siwezi kusubiri sana.

DADA: Nyamaza! Maji yamekatika.

KITINDA: Ametoka?

DADA: Ssh.

(kimya)

DADA: Ee! Niko huku chumbani! ... Liko kitandani! Kola ilikuwa inasumbua!

KITINDA: Dada, mwambie. Sasa hivi, kabla hajavaa. Mwambie Kitinda yuko kwenye simu.

DADA: ... Hapana, sijalia, ni huu mvuke.

KITINDA: Mpe simu. Tafadhali. Dada, nakuomba na mimi, sijawahi kukuomba kitu—

DADA: Nani? ... Hakuna. Ni mtu tu, amekosea namba.

KITINDA: Dada.

DADA: Kaka, umekosea namba.

KITINDA: Dada, yule mama ananitazama.

DADA: Nimekwambia umekosea.

KITINDA: Samahani, basi nimekosea namba. Nilikuwa namtafuta dada yangu.

DADA: Hayupo hapa.

(simu imekatwa)